Ngonyani Watatu, Kioo Kimoja

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikishatangaza katikati ya mwaka kwamba dirisha la maombi liko wazi, steshenari za Songea hubadilika. Mwezi uliopita zilikuwa mahali pa kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapisha barua za kuomba kazi. Sasa safari ya kijana kwenda chuo kikuu inaanzia hapo, au inakwama hapo. Watu huanza kuonekana asubuhi na mapema, wameshuka kwenye magari ya Namtumbo, Mbinga, Madaba na Tunduru, kijana mbele, mzazi nyuma, bahasha ya kaki kwapani. Wameacha shamba na wamelipa nauli. Wanataka warudi nyumbani jioni jambo lao likiwa limekwisha.

Nimeketi sana kwenye mabenchi ya maduka hayo, karibu na soko kuu, Mfaranyaki na kule Lizaboni, nikingoja zamu yangu, na nimezoea kutazama kioo cha kompyuta ya mhudumu. Nayatazama madirisha yanavyofunguka, yanavyofunikana, yanavyotoweka chini ya kioo na kuitwa tena. Hakuna tangazo la kazi linalotaja ujuzi wa kuyapanga. Anayetafuta mhudumu wa steshenari huuliza kama anajua kutaipu, kuskani na kuprinti. Lakini naamini kwamba kupanga madirisha ndiko kunakoamua kama jambo la mtu litakwenda sawa au litaharibika, na kwamba tumelipuuza jambo hilo kwa gharama ya watu wasio na uwezo wa kurudi mara ya pili.

Fikiria ombi moja la mkopo. Kwanza kuna ukurasa wa mfumo wa Bodi. Kuna ukurasa wa RITA, wa kuhakiki cheti cha kuzaliwa. Kuna programu ya kuskani, na faili zinazotoka kwenye skana, na programu ya kupunguza ukubwa wa picha pale mfumo unapokataa faili nzito. Kuna WhatsApp ya kwenye kompyuta, kwa sababu kitambulisho cha mdhamini kimesahaulika kijijini na kaka mtu anakipiga picha hukohuko na kukituma. Kuna namba ya malipo ya kunakili, kisha simu ya mteja mwenyewe, ya kulipia na kungojea meseji. Fomu ikichapishwa, kijana anaondoka nayo kwenda kutafuta saini ya serikali ya mtaa na muhuri wa hakimu au wakili. Anarudi saa nane, au kesho yake, na kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa. Hayo yote ni ya mtu mmoja, na nyuma yake kuna wengine watano wamesimama.

Songea ina jambo lake la ziada, nalo ni majina. Koo zetu ni kubwa na zimesambaa mkoa mzima: Ngonyani, Komba, Mapunda, Nyoni, Gama, Haule, Mbawala. Asubuhi ya Julai si ajabu kukuta kina Ngonyani watatu kwenye benchi moja, hawajuani, kila mmoja katoka upande wake. Mhudumu anayehifadhi faili kwa jina la ukoo peke yake ana madirisha matatu yenye kichwa kimoja, na kompyuta imemwongezea namba za kutofautisha, mbili na tatu kwenye mabano, namba ambazo hazimwambii chochote kuhusu binadamu aliye mbele yake. Nimewahi kuona, kwenye duka nisilolitaja, cheti cha kidato cha nne cha binti mmoja kikiwekwa kwenye ombi la binti mwingine wa ukoo uleule. Wote wawili walikuwa palepale. Aliyeligundua kosa alikuwa mama ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kugusa kompyuta. Aliitambua picha.

"Dada, huyo si wa kwangu."

"Samahani mama, nimeona. Ngoja nikitoe."

Mhudumu yule hakuwa mzembe. Alikuwa na mikono myepesi kuliko wote niliowaona mjini. Tatizo lilikuwa kwamba mbele yake palikuwa na kioo kimoja, na kioo kile hakikujua kwamba madirisha yake ni ya watu.

Kuna mtego mwingine ambao macho hayauoni kabisa. Mhudumu anapofungua kurasa mbili za mfumo mmoja ndani ya kivinjari kimoja, moja ya mteja wa kwanza na nyingine ya mteja wa pili, anaona madirisha mawili na anadhani ameingia mara mbili. Mara nyingi sivyo. Kivinjari huhifadhi utambulisho mmoja kwa tovuti moja, na kurasa zote za tovuti hiyo zinautumia huo. Akiingia kwa akaunti ya mteja wa pili, ule ukurasa wa kwanza unaendelea kuonyesha jina la mteja wa kwanza kwa kuwa haujajiburudisha, lakini akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, seva inaweza kumtambua yule wa pili. Ukimtazama juu ya bega utaapa kwamba kazi inakwenda vizuri. Wahudumu waliokomaa wanajua kujikinga: mteja mmoja wanamfungulia Chrome, mwingine Firefox, wa tatu dirisha la faragha. Nilipomuuliza mmoja wao alijifunzia wapi, alisema alijifunza kwa kuharibu. Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu kila kilichoharibika kilikuwa cha mtu fulani.

Madirisha haya yalibuniwa na watu waliokuwa na shida nyingine. Miaka ya 1970, katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, Alan Kay na wenzake walikuwa na kompyuta iliyoitwa Alto, iliyokamilika mwaka 1973, yenye kioo kisichotosha mambo waliyotaka kuyaweka. Wakaamua karatasi za kwenye kioo zilaliane, moja juu ya nyingine, kama zinavyolaliana mezani, ili kioo kidogo kibebe zaidi ya ukubwa wake. Mtumiaji waliyemfikiria alikuwa mtafiti mmoja, mezani kwake, na mambo yake mwenyewe. Karatasi zote mezani ni zake. Akiichukua isiyo yenyewe, hasara ni yake na anaijua. Macintosh ya mwaka 1984 ililichukua wazo hilo. Microsoft, ilipotoa Windows ya kwanza Novemba 1985, ilikwenda njia nyingine: madirisha yalipangwa ubavu kwa ubavu na hayakuruhusiwa kufunikana. Watu waliiona hiyo kuwa kasoro, na toleo la pili, mwaka 1987, likayaachia yafunikane. Tangu hapo dunia nzima imekwenda hivyo.

Sisi hatukuwepo wakati hayo yakiamuliwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na marufuku hiyo ilituweka nje kwa muda mrefu. Kompyuta ziliporudi kwa wingi, miaka ya 1990, zilirudi na madirisha yake tayari, yamepangwa kwa desturi ya ofisi za watu wengine. Hatukupata nafasi ya kuuliza kama mpangilio huo unafaa mahali ambapo kompyuta moja inahudumia kata nzima.

Kabla ya kompyuta, ofisi zetu zilikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilikaa masijala. Anayekumbuka masijala ya zamani, ya mkoa au ya wilaya, anakumbuka majalada yaliyopangwa rafuni kwa namba, na karani aliyeweza kukuletea lako kabla hujamaliza kutaja jina. Ndani ya jalada la mtumishi mlikuwa na barua ya ajira, nakala ya cheti, barua ya kuomba likizo, taarifa ya daktari, dokezo la mkuu wa idara. Karatasi nene na nyembamba, zilizotaipiwa na zilizoandikwa kwa mkono, zote zilipewa namba za folio kwa kufuata siku zilivyoingia, zikafungwa pamoja kwa uzi. Hakuna aliyewahi kufikiria kutenga jalada la "karatasi za taipureta" na jingine la "karatasi za kalamu". Jambo la mtu lilikaa mahali pamoja, na lilipotoka masijala kwenda kwa ofisa lilisajiliwa: limekwenda kwa nani, lini. Nayajua malalamiko kuhusu masijala, majalada yaliyopotea, yaliyoliwa na mchwa, yaliyokaliwa na wakubwa. Ni ya kweli. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na lilikuwa na heshima ndani yake.

Kompyuta ya mezani ililivunja jalada bila kumwambia mtu. Barua iko Word. Picha iko kwenye programu ya picha. Ombi liko kwenye kivinjari. Risiti iko WhatsApp. Jambo la binti mmoja limegawanywa katika programu nne, na kila programu kati ya hizo imebeba vipande vya watu watano. Na kila miaka ilivyosonga, mashine imezidi kushikilia mpango huo. Windows 95 ilileta mstari wa chini ya kioo, Agosti 1995, ambapo kila dirisha lilikuwa na kitufe chake chenye jina lake. Windows XP ya mwaka 2001 ikaanza kuyakusanya madirisha ya programu moja chini ya kitufe kimoja nafasi inapobana. Windows 7, mwaka 2009, ikayakusanya tangu mwanzo na kuyafuta majina, ikabaki alama ya programu peke yake. Uliweza kuirudisha hali ya zamani kwenye mipangilio, hadi Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 bila chaguo hilo. Watumiaji walipiga kelele duniani kote, na mwaka 2023 likarudishwa.

Ukiisoma habari hiyo ukiwa na mashine yako peke yako nyumbani, utaiona ni ugomvi wa watu wa kompyuta. Ukiisoma ukiwa nyuma ya kaunta, ni jambo la majina ya wateja kutoonekana. Alama ya Word chini ya kioo haikuambii kwamba ndani yake kuna barua ya mzee aliyeomba fidia ya kiwanja, wasifu wa kijana wa Ajira Portal na hotuba ya mwenyekiti wa kikundi cha vikoba. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kila mwenye steshenari akifanye leo, ni kuingia kwenye mipangilio ya mstari huo na kuchagua vitufe visikusanywe kamwe. Hakuna gharama yoyote, na majina yatarudi.

Kuna na ile njia ya mkato ambayo kila mhudumu mzuri anaijua, kushika kitufe cha Alt na kugonga Tab. Wepesi wake unatokana na kanuni moja: kompyuta inayapanga madirisha kwa upya wa kuguswa. Lililoguswa sasa liko mbele, lililoguswa kabla yake linafuata. Kwa hiyo kugonga mara moja kunakurusha kati ya mambo mawili ya mwisho, kwenda na kurudi, na kwa kunakili namba kutoka cheti hadi fomu hakuna kilicho bora. Lakini itazame kanuni hiyo kwa jicho la aliyekwenda kutafuta saini. Ametoka saa tatu, amemsubiri mwenyekiti wa mtaa, amepanda bodaboda hadi kwa wakili, karudi saa nane. Saa zote hizo dirisha lake limekuwa likishuka. Kila mteja mpya amelisukuma chini. Anaporudi, jambo lake liko mwisho kabisa wa safu, nyuma ya watu waliofika baada yake, na mara nyingine mhudumu ameshalifunga kwa kuwa mashine ilianza kustaki. Desktopu nyingi za mjini zilitumika Ulaya au Uarabuni kabla ya kufika kwetu, zina kumbukumbu ndogo, na madirisha yakizidi zinaganda. Lazima kitu kifungwe. Kinachofungwa ni kile ambacho mwenyewe hayupo.

Mwaka 1986, palepale Xerox, Austin Henderson na Stuart Card waliandika kuhusu shida inayofanana na hii. Waliona kwamba watumiaji hutumia muda mwingi kuyahamisha madirisha, na kwamba madirisha huenda kwa makundi: kazi moja ina kundi lake, na mtu akihama kazi anahama na kundi zima. Wakatengeneza mfumo walioupa jina la Rooms, yaani vyumba, ambapo kila kazi ilikuwa na chumba chake, na kuhama kazi kulikuwa ni kutoka chumba kimoja na kuingia kingine ukikikuta kilivyoachwa. Hilo ndilo jalada, limerudi kwa mlango mwingine. Linux imekuwa na kitu hicho kwa miaka mingi. Windows ilikileta kwa kila mtu mwaka 2015, na toleo la 10: unashika kitufe cha Windows na cha Ctrl, unagonga D, na unapata meza mpya iliyo tupu; kwa Windows, Ctrl na mshale unahama kati ya meza hizo. Tangu mwaka 2020 unaweza hata kuipa kila meza jina.

Uwezo huo umo ndani ya mashine nyingi zinazofanya kazi Songea leo hii, na kwenye mabenchi yale sijaona mtu akiutumia. Niliwahi kumwonyesha kijana mmoja wa Majengo. Akafungua meza tatu, akaziandika majina kamili ya wateja waliokuwa mbele yake na mahali walikotoka, akahamia ya kwanza, akaona kivinjari na barua ya mtu mmoja tu, basi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, hapa naweza kufikiri."

Neno hilo linanipeleka kwenye upande wa akili. Mwanasaikolojia Arthur Jersild alionyesha tangu mwaka 1927 kwamba mtu anayebadilishana kazi mbili hupoteza muda katika kule kubadilisha kwenyewe, hata kama kila kazi ni rahisi. Mwaka 2009 Sophie Leroy aliandika kuhusu masalia ya fikra: ukiacha kazi kabla haijaisha ukaingia nyingine, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka. Gloria Mark, ambaye kwa miaka amewafuatilia wafanyakazi mbele ya vioo vyao Marekani, alikuta mwaka 2004 kwamba mtu alikaa kwenye kioo kimoja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhama. Katika miaka ya karibuni wastani huo umekuwa sekunde 47 hivi.

Hao walikuwa watu wa maofisini, na baadhi yao huenda walihamahama kwa tamaa ya kuona kipya. Mhudumu wa steshenari hahami kwa tamaa. Anahamishwa na watu, na watu hao wana haki ya kumhamisha.

"Dada, yangu bado?"

"Bado kaka, mfumo unazunguka. Vuta subira."

"Shikamoo dada, naomba kopi mbili tu."

"Marahaba mdogo wangu, weka hapo."

Kila sauti kati ya hizo inamvuta kutoka dirisha moja hadi jingine, na adabu yetu haimruhusu kutoitikia salamu. Nisingependa aache kuitikia. Ninachotaka ni kwamba kioo chake kimsaidie kurudi alipokuwa, kwa kumwonyesha jina la mtu na mahali jambo lake lilipofika, badala ya kumwachia kazi hiyo ya kukumbuka aibebe kichwani kutwa nzima.

Halafu umeme. Hadi mwaka 2018 Songea haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kuanzia mwaka 2015 tukaongezewa nguvu na mitambo ya maji ya Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, mali ya masista Wabenediktini wa Chipole. Kisha ikaja njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba. Mambo yamekuwa mazuri sana kuliko zamani, na asiyekumbuka zamani hawezi kulijua hilo. Bado umeme hukatika, hasa mvua za radi zinapoanza, na duka lisilo na UPS hupoteza madirisha yote kwa mara moja. Umeme ukirudi, Chrome hutoa ofa ya kurudisha kurasa, lakini ukurasa unaorudi unadai nywila upya na visanduku vilivyojazwa nusu viko vitupu. Zile meza zenye majina, kwenye Windows 10 na 11, hubaki na majina yake, ingawa programu zilizokuwa ndani hazirudi. Hata hilo ni kubwa: unajua ulikuwa na nani.

Lakini chombo bora nilichokiona kwa saa hiyo hakitumii umeme. Dada mmoja kule Bombambili ana kaunta buku. Kila mteja ana mstari: majina matatu, anakotoka, namba ya simu, kilichofanyika, kilichobaki. Mteja akienda kutafuta saini, anaandika "saini". Akingoja meseji ya malipo, anaandika "malipo". Akimaliza, anapiga mstari na kumsomea kwa sauti kilichokamilika. Siku ya giza, wakati wenye maduka ya jirani wakiulizana nani alikuwa nani, yeye anafungua daftari na kuanza kuita. Nimemtazama akifanya hivyo na nimehisi kwamba naangalia masijala, hai, mikononi mwa mtu aliyezaliwa baada ya masijala kuanza kufifia. Hakuna aliyemfundisha.

Upande wa pili wa kaunta kuna vijana wenyewe. Wengi wamekua na simu, na simu humpa mtu dirisha moja linalojaza kioo chote. Unaliona hili, unalifuta kwa kidole, unaliona lile. Simu za Android zimeweza kugawa kioo tangu mwaka 2016, lakini kwenye kioo cha upana wa kiganja nani anagawa? Kwa hiyo kijana anafika chuoni, au kazini, bila kuwa amewahi kuweka mambo mawili ubavu kwa ubavu na kuyasoma kwa pamoja. Na hilo ndilo hasa linalohitajika katika shida inayowaumiza watu wetu kuliko zote: majina kutofanana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Issa, cha kidato cha nne kinasema Isa, kitambulisho cha taifa kimeruka jina la babu. Ukikitazama cheti, ukakifunika, ukaitazama fomu, akili yako inajaza yenyewe kile inachokitarajia na herufi iliyopungua inapita. Ukiviweka pamoja, kushoto na kulia, jicho linagonga pale penye tofauti. Shika kitufe cha Windows, gonga mshale wa kushoto. Dirisha la pili, mshale wa kulia. Ule mpangilio wa mwaka 1985 ambao dunia iliuona kuwa kasoro ndio unaomwokoa mtu na hati ya kiapo kwa wakili, nauli nyingine, na wiki mbili za kungoja.

Pia kuna kufunga. Wahudumu wengi wanafungua vizuri na hawafungi. Mteja ameondoka, ombi lake liko wazi, barua pepe yake iko wazi, kitambulisho cha baba yake kiko kwenye kioo na anayefuata anakiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na inamhusu mwenye duka anayekusanya taarifa za watu kama inavyozihusu benki. Lakini hata isingekuwepo sheria, mama aliyekupa bahasha yake amekuamini. Kufunga maana yake ni kutoka kwenye akaunti, kuzitoa faili zake kwenye folda ya skana, kumrudishia fleshi yake, na kumwambia imekwisha. Kubonyeza alama ya msalaba pembeni mwa dirisha hakumtoi mtu kwenye akaunti yake. Tovuti nyingi humkumbuka, na anayefungua ukurasa uleule baada yake anaingia ndani kwa jina lake.

Ningependa kuona haya yakifundishwa. Mafunzo ya kompyuta niliyoyaona mjini huanza na sehemu za kompyuta, kisha historia, kisha Word na Excel, na mwanafunzi anatoka akijua kila programu peke yake. VETA ipo Songea, na kuna vyuo na vituo vingine kadhaa. Somo ninalolifikiria linahitaji asubuhi moja. Mwalimu awape wanafunzi bahasha nne za kubuni, za waombaji wa ukoo mmoja, wawili kati yao wakiwa na jina la kwanza lilelile. Mwombaji mmoja jina lake lisifanane kwenye vyeti viwili. Mwingine aondoke katikati kwenda kutafuta saini na arudi baada ya saa moja. Mwalimu apite katikati ya kazi aombe kopi mbili, amsalimie mwanafunzi na asubiri kuitikiwa. Kabla kazi haijaisha auchomoe waya wa umeme ukutani, ahesabu dakika tano, aurudishe. Maswali ya mtihani yawe haya: nani alikuwa wapi, nini kilibaki kwa kila mmoja, na ni dirisha gani, hadi sasa, bado liko wazi kwa jina la mtu ambaye ameshaondoka.